Yamalizwe Nyumbani au Yapelekwe Wete?

MZEE WA MJI: Suala lenyewe halina kona. Mtu wa Msuka ameingiwa na shaka kwamba mtoto wa jirani anafanyiwa mambo yasiyofaa. Aende kwa nani kwanza? Jawabu langu: kwa wazazi, kisha kwa wazee wa ukoo, kisha kwa sheha. Polisi waitwe na hao, wakiona hapana budi. Mji huu una magofu ya msikiti ambao kwenye mihrabu yake umechorwa mwaka 816 wa Hijria, kiasi cha 1414 kwa hesabu ya Miladia. Watu walikuwa wakiamuliana hapa kabla Mreno hajaiona Pemba.

MSAIDIZI WA SHERIA: Wameamuliana, mzee wangu, na mengi wameyaamua vizuri kuliko mahakama: mipaka ya mashamba, mikarafuu, talaka, mirathi. Lakini huko kote wanaogombana ni watu wazima, kila mmoja na mdomo wake. Hapa aliyeumizwa ana miaka 9. Kwenye kikao cha ukoo haitwi. Aliyemuumiza ndiye aghalabu aliyepo, kakaa jamvini na wazee wenziwe, kama ami au mjomba, na shauri anatoa.

MZEE WA MJI: Na kama si yeye? Mwanangu, wewe unazungumza kama kwamba kila anayeshukiwa amefanya. Zanzibar imeyaondolea dhamana makosa ya kubaka na kulawiti. Mtu akishafikishwa mbele kwa kosa hilo, anasubiri ndani, Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, hata kama mwisho wa kesi ataonekana hana hatia. Kosa lenyewe adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sasa wewe unataka neno zito kama hilo litoke kinywani mwa mtu kwa sababu ya shaka tu, katika mji ambao watu wana ugomvi wa viwanja na wivu wa wake wenza?

MSAIDIZI WA SHERIA: Kutoa taarifa si kutoa hukumu. Anayepiga simu hatakiwi athibitishe. Anasema alichokiona: mtoto kakataa ghafla kwenda nyumba fulani, anajikojolea usiku na zamani hakuwa hivyo, ana zawadi na pesa zisizojulikana zilikotoka, anatembea kwa shida. Kupima kama hayo yana maana au hayana ni kazi ya ofisa ustawi, daktari na mpelelezi. Ukimtaka jirani alete uhakika kwanza, umemgeuza mpelelezi. Ataanza kumhoji mtoto mwenyewe, atamwendea mshukiwa kumuuliza, na kesho yake mshukiwa yuko dagoni Tanga.

Kipande cha sheria kinafaa kuwekwa hapa, kwa sababu pande zote mbili hupenda kukitaja nusu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka anayejua kwamba mtoto anadhuriwa asikae nalo. Mwaka 2015 sheria hiyo ilipewa tuzo ya dhahabu na World Future Council, taasisi inayozipima sera za nchi mbalimbali. Tuzo ni jambo la fahari. Haikuisogeza hospitali ya Wete karibu na Msuka hata hatua moja.

MUUGUZI: Mimi nataka tuache kidogo habari ya nani aambiwe, tuangalie saa. Dawa za kumkinga mtoto na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila zikiwahi ndiyo bora. Humezwa siku 28. Kama ni msichana aliyevunja ungo, kinga ya dharura ya mimba ina siku 5. Kikao cha ukoo kinangoja ami arudi kutoka Unguja, kinangoja babu apone homa, kinangoja Ijumaa. Ijumaa ikifika, milango miwili imeshafungwa.

MZEE WA MJI: Hilo la dawa silipingi. Nani atapinga mtoto kutibiwa?

MUUGUZI: Hulipingi, lakini unalichelewesha. Na kuna jambo jingine ambalo ni la kwetu wanawake. Mama akiona damu kwenye nguo ya mtoto, kitu cha mwanzo ni maji. Anamkogesha, anamfulia, anamvisha nguo safi, anamlaza. Hiyo ndiyo huruma yake na ndiyo tohara aliyofunzwa. Kwa dakika 10 ushahidi wote umekwenda na maji ya ndoo. Simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba asimkogeshe kwanza. Nguo zisifuliwe wala zisitiwe mfuko wa plastiki, maana plastiki inatoa jasho na kuozesha. Zikunjwe kwenye khanga kavu au karatasi. Mtoto afungwe khanga nyingine, apelekwe.

MZEE WA MJI: Na daktari akimpima asione kitu?

MUUGUZI: Mara nyingi haoni. Mwili wa mtoto unapona haraka, na si kila uovu unaacha jeraha. Daktari kuandika kwamba hakuona michubuko hakumaanishi mtoto amesema uongo. Watu wanaichukua karatasi ile wanaitembeza mitaani kama cheti cha usafi wa mtu. Sivyo.

MZEE WA MJI: Basi ushahidi uko wapi? Maalim wetu wa chuo cha Kurani atuambie. Dini yetu inataka mashahidi wanne, na anayemsingizia mwenziwe bila ya hao wanne anastahiki bakora 80. Mimi siogopi sheria ya Serikali. Naogopa hiyo.

MWALIMU WA CHUO: Nilikuwa nikingoja ufike hapo. Mashahidi wanne ni wa zinaa, na kumzulia mtu zinaa ndiko kwenye bakora hizo. Mtoto wa miaka 9 hakuzini na mtu. Amedhulumiwa. Aliyetiwa nguvu hana dhambi, na wanazuoni wengi wanaruhusu kadhi amtie adabu mdhulumu kwa dalili nyingine, si kwa wanne peke yao. Na wewe mzee unajua kwamba kuficha ushahidi kumekatazwa katika Sura ya Baqara, aya ya 283, na katika Nisaa tumeamrishwa tushuhudie haki hata kama ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu.

MZEE WA MJI: Na sitara? Atakayemsitiri Muislamu mwenziwe, si amelipwa?

MWALIMU WA CHUO: Sitara ni ya mtu aliyeteleza baina yake na Mola wake. Anayewaendea watoto wa watu hajateleza peke yake. Ukimsitiri huyo, umemvua nguo mtoto mwengine wa kesho. Lakini mimi nami nina hofu yangu, na nitaisema. Sura ya Hujurat inatukanya dhana. Nimeona namna maneno yanavyosafiri hapa. Mtu anapiga simu asubuhi, jioni jina linatajwa barazani, kwenye duka na kwenye mashua. Hao wanaosema taarifa ni siri, siri hiyo inaishi wapi?

MSAIDIZI WA SHERIA: Swali hilo ni la haki kabisa, Maalim. Namba 116 ya kupiga simu kutoa taarifa ni ya bure, na anayepiga halazimishwi kutaja jina lake. Lakini sitakudanganya: kwenye mji wenye watu wanaojuana kwa sauti ya kikohozi, wakijiuliza nani aliona, watapata jawabu. Ila angalia upande wa pili. Jina la mshukiwa linavuja mara nyingi zaidi kwenye njia ya wazee. Kikao cha watu 12, kila mmoja ana mke nyumbani.

MZEE WA MJI: Umenipiga na la kweli hapo.

MWALIMU WA CHUO: Na mashahidi wa mahakama yenyewe? Mahakimu wanataka nini?

MSAIDIZI WA SHERIA: Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo rufaa za jinai za Zanzibar nazo hufika kwake, ina uamuzi wa mwaka 2006 unaotajwa hadi leo: ushahidi ulio bora wa kosa la aina hii ni wa yule yule aliyefanyiwa. Mtoto akisimulia akaaminika, hesabu ya mashahidi si hoja. Ndiyo maana maneno yake ya mwanzo ni mali. Asiulizwe "Ni fulani, eti?" Aulizwe "Kulitokea nini?" kisha aachwe aseme, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, hata kama ameyaita kwa majina ya kitoto. Asihojiwe na bibi, halafu shangazi, halafu mwalimu, halafu sheha. Akifika wa tano mtoto amechoka, anasema "sijui", na wakili anaishika hiyo "sijui".

Msomaji ataona kwamba mzee hajasema bado hoja yake iliyo nzito kuliko zote. Wengi wanaoandika juu ya jambo hili humpa mtu kama yeye maneno mepesi ili ashindwe mapema. Hastahiki hivyo.

MZEE WA MJI: Sasa mnisikilize. Mnanambia niiamini Serikali. Mwaka 1985 Serikali hiyo hiyo ilitunga sheria ya kumfunga msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Kifungo hadi miaka 2. Haikubadilishwa mpaka 2005, na hata hapo ikawekwa adhabu ya kuitumikia jamii. Wanawake waliokuwa wasichana miaka ile ndio bibi na mama wa leo. Wao walijifunza kwamba ukipeleka habari ya binti yako kwa wakubwa, anayeshikwa ni yeye. Nyinyi mnawaita wajinga, mnasema wana muhali, wanaoneana haya. Mimi nasema wana kumbukumbu.

MSAIDIZI WA SHERIA: Sijawahi kuwaita wajinga.

MZEE WA MJI: Bado sijamaliza. Tuseme taarifa imetolewa, mtu kashikwa. Ni baba wa kambo. Ndiye aliyekuwa akileta samaki na unga. Mama amebaki peke yake, na kaka za mumewe wanamtaka atoke nyumbani. Ofisa aliyekuja na gari amerudi Wete. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena. Shahidi anatakiwa afike, nauli hana. Mwaka unapita, kesi inafutwa kwa kukosa ushahidi, mtu anarudi mjini kifua mbele. Mtoto sasa anajulikana mji mzima. Nieleze: huyo mtoto umemsaidia?

Hakuna aliyejibu kwa haraka, na haikuwa adabu tu. Kesi kufutwa kwa kukosa ushahidi si uvumi wa barazani. Ni malalamiko ya miaka mingi ya waendesha mashtaka wenyewe na ya jumuiya kama TAMWA Zanzibar na ZAFELA.

MSAIDIZI WA SHERIA: Hapana, sijamsaidia vya kutosha. Lakini shahidi huyo haji kwa sababu gani? Nauli ni moja. Nyingine ni kwamba katikati ya kesi familia zimekaa, wamepatana. Pesa zimetolewa, au kama msichana ana mimba wameozeshwa. Baada ya hapo mama anaambiwa asiende mahakamani, na mtoto anafundishwa kusema amesahau. Kwa hiyo suluhu yako, mzee, haingoji mahakama ishindwe. Ndiyo inayoishindisha.

MZEE WA MJI: Na ukiwazuia watu kupatana?

MSAIDIZI WA SHERIA: Wenzetu wa Wajir na Garissa, kule Kenya, wana vikao vyao, wanaviita maslaha, na mzozo wao ni huu huu. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya 2006 iliweka kwamba kesi ikishafunguliwa, kuiondoa ni mamlaka ya Mwanasheria Mkuu. Familia haina kalamu ya kufuta. Kwa maandishi hilo lilikuwa zuri. Lakini sheria hiyo hiyo ilikuwa na kifungu kingine kilichosema anayelalamika uongo apewe adabu ile ile ambayo angepewa mshitakiwa. Watetezi wa wanawake walisema kinawatia watu hofu ya kufungua midomo, na mwaka 2012 kikaondolewa.

MWALIMU WA CHUO: Mzee angekipenda hicho.

MZEE WA MJI: Ningekipenda, na sioni haya. Mwongo aogope.

MUUGUZI: Anayeogopa si mwongo peke yake. Na wavulana je? Mbona tunazungumza kama kwamba mtoto ni msichana tu? Utafiti mkubwa wa mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto Tanzania, matokeo yake yakatolewa 2011, ulikuta kwa upande wa Zanzibar kiasi cha asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wanaume wengi kuliko wanawake. Bara ilikuwa kinyume. Mvulana haletwi hospitali kwa mimba, basi habari yake haitoki. Na kama ikitoka, wazee wanaona aibu yake ni mara mbili.

MZEE WA MJI: Wavulana hao wanakuwa wapi? Skuli asubuhi, chuoni jioni. Maalim, tumekusikia na aya. Tuambie na ya chuoni kwako.

MWALIMU WA CHUO: Umeniweka pabaya, lakini ni haki yako. Vyuo vipo vya mwalimu mmoja, chumba kimoja, hakuna wa kumuuliza kitu. Mtoto akisema mwalimu amemfanya hivi, baba anampiga yeye kwa kumvunjia heshima mwalimu. Mimi nimeanza kufundisha mlango wazi na hakuna mtoto anayebakishwa peke yake kwa kazi za nyumbani kwangu. Wenzangu wengine wamenicheka. Wamesema najitangaza kuwa mwizi.

MZEE WA MJI: Na akishukiwa mwalimu mwenzio, utapiga 116 au utamwendea kwanza?

MWALIMU WA CHUO: Moyo wangu utataka kumwendea.

MSAIDIZI WA SHERIA: Na ukimwendea, umemwamsha.

MWALIMU WA CHUO: Najua. Nimekujibu moyo utataka nini. Sijasema nitafanya nini.

MZAZI: Mimi nina watoto watano na nilikuja kusikiliza. Nina suala la nauli. Kutoka hapa nachukua gari mpaka Konde, Konde mpaka Wete. Nikienda na mtoto asiyeweza kukaa vizuri siwezi kumpakia kwenye gari la abiria watu wanamtazama. Kukodi gari usiku ni pesa nisizozishika kwa wiki. Nyinyi mnabishana nani aambiwe kwanza. Mimi nitamwambia mwenye gari.

MUUGUZI: Hapo ndipo penyewe. Wete na Chake Chake kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ndani ya hospitali. Cha mwanzo kilifunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2011. Ukifika, daktari, polisi na ofisa ustawi wanakukuta pale pale, huzungushwi kutoka kituo cha polisi kwenda dirisha la hospitali na mtoto mkononi. Lakini lazima ufike.

MZAZI: Na nikifika nikaambiwa nirudi tena mahakamani mara tatu, nne?

MSAIDIZI WA SHERIA: Tangu 2021 kuna mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji, Unguja na Pemba, na lengo lake ni kuzimaliza mapema. Wasaidizi wa sheria tunatambuliwa na sheria ya mwaka 2018, tunasindikiza. Baadhi yetu tunatoa nauli mifukoni. Sikwambii kwamba inatosha.

MWALIMU WA CHUO: Basi nina shauri. Ukoo unapokaa kufanya suluhu, pesa huwa zinapatikana. Nimeshuhudia watu wasio na kitu wakichanga laki kadhaa kwa usiku mmoja ili jambo lifunikwe. Tuwe na mfuko msikitini. Usiandikwe jina la mtu wala la kesi.

MZEE WA MJI: Msikiti hauchangishi pesa za kumfunga mtu. Kesho nikiingia sala na baba yake, nimtazame vipi?

MWALIMU WA CHUO: Za kumpeleka mtoto mgonjwa hospitali, unachangisha?

MZEE WA MJI: Hizo zimekuwa zikichangwa toka enzi za babu zetu.

MUUGUZI: Gari ni lile lile, mzee. Polisi na daktari wako chini ya paa moja.

MZEE WA MJI: Mmenizunguka. Haya, gari litafutwe. Lakini sheha ajulishwe kabla halijaondoka. Hilo silitoi.

MZAZI: Na kama anayeshukiwa ni jamaa yake sheha?

MSAIDIZI WA SHERIA: Ajulishwe likishafika Wete.

MZEE WA MJI: Kabla.

MZAZI: Likishafika.